Brashi ya Siku ya Kwanza

Kwenu, nasikia, mgeni hula siku mbili,
ya tatu hupewa jembe.
Kwetu jembe lingevunjika mpini:
hata mwezi wa saba, jua likikesha,
chini ya shibiri moja udongo ni jiwe.
Kwa hiyo mimi, Tukummeq binti Qaaviggaaq,
siisubiri siku ya tatu.
Nakupa brashi siku ya kwanza, pale pale sitahani,
kabla hujaitazama nchi ukashiba.

Sugua soli.
Na kwenye mifereji yake, ingiza ncha ya sindano.
Juzi nilimtolea bwana mmoja punje ya nyasi
nyembamba kama kope.
Akacheka: "Hiyo? Ya bustanini kwangu hiyo!"
Basi na ibaki yako, nikamwambia,
nikaitia koponi, nikakaza kifuniko.

Sheria nazisema kwa lugha tatu, zote kwa lafudhi ya nyumbani.
Mtatembea nyuma yangu na mbele ya Inukitsoq.
Bunduki ni yake; ikirudi haijalia, siku imekuwa njema.
Yale mawe ya duara msiyavuke,
ni kuta za nyumba, kuna bibi yangu alizaliwa mle.
Na doa la chungwa juu ya mwamba si rangi iliyomwagika,
lina uhai:
baba alipokuwa mtoto lilikuwa kama kifungo cha shati,
leo baba hana meno
nalo limefika kifungo cha koti.
Mkojo, kaeni nao mpaka melini.
(Hapo huwa wanacheka. Huwa sicheki.)

Leo hatukushuka.
Mashua ilikuwa na watu kumi na wawili, ufuko u karibu,
Inukitsoq akainua ngumi.
Kwenye kokoto palikuwa na theluji,
ila theluji haina rangi ya siagi,
wala haipumui.

Geuza, nikasema. Polepole.

"Nimeuza gari kuja hapa!" Yule yule bwana wa punje.
"Sogea kidogo tu. Picha moja."
Nilimjibu kwa kunong'ona, na hasira zangu nimezikalia:
akiamka atakimbia, na mbio zake ni mafuta
aliyoyaweka kwa miezi isiyo na barafu, isiyo na sili.
Asipokimbia,
Inukitsoq atafanya jambo
litakalomnyima usingizi hadi jua lirudi mwakani.
Chagua picha.

Akanyamaza. Sikumpenda, lakini alinyamaza.

Ndipo Bi Walburga, miaka themanini na mmoja,
macho yake yana ukungu usiopeperuka,
akanishika mkono wa koti: "Yuko wapi?"
Sikunyoosha kidole, kingemsaidia nini?
Nikaopoa kipande cha barafu kilichokuwa kikielea,
nikamwekea sikioni.
Kikatatarika, tat, tat-tat,
kama mafuta ya kikaango kwenye nyumba ya jirani.
Ni hewa, nikamwambia. Ilifungiwa humo
kabla ya meli, kabla ya mtu wa kuihesabia miaka.
Na dubu amelala.
Tumempitia, wala hana habari nasi.
Akasikiliza mpaka maji yakamwingia shingoni.

Siwezi kudanganya: meli tunazihitaji.
Bahasha ya bakshishi leo ilikuwa nyepesi,
na petroli haisikii hadithi.
Usiku, usiku usio na giza,
nilisoma karatasi za maoni.
Bwana wa punje ameandika kwa herufi kubwa:
SIKU NZIMA HAKUNA KILICHOTOKEA.

Nikaikata, nikaenda kuibandika jikoni kwa baba,
nikamfasiria neno kwa neno.
Mzee akacheka ufizi wote nje.
"Huyo," akasema, "ndiye mgeni.
Mwandikie arudi.
Na ile punje yake, bado unayo?"